Mtoto Amechukua Kundi la Nani?
Kijitabu cha elimu kwa familia kuhusu urithi wa makundi ya damu

Baba ni kundi A, mama ni B, mtoto kapimwa kakutwa O. Minong'ono inaanzia jikoni, inafika kwa mawifi, na haipiti muda mama wa watu anaulizwa huyo mtoto kampata wapi. Tunaandika kwa ajili ya nyumba kama hiyo, na jibu tunalitoa mapema: majibu hayo ya maabara ni ya kawaida kabisa.

Kundi linatoka wapi

Juu ya chembe nyekundu za damu huwa kuna alama ziitwazo antijeni. Mwenye alama A ni kundi A, mwenye B ni kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na hata moja ni O. Karl Landsteiner aliyatangaza makundi matatu ya mwanzo huko Vienna mwaka 1901, na AB likafuata mwaka 1902. Namna yanavyorithiwa ilikuja kufumbuliwa na mwanahisabati, Mjerumani Felix Bernstein, mwaka 1924. Wala si ajabu, maana urithi wa damu ni hesabu tupu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu, moja ya mama na moja ya baba. Nakala yaweza kuwa A, B au O. A na B zikikutana, zote huonekana. O haitoi alama yoyote, kwa hiyo ikikaa na A mtu husomeka A, na ikikaa na B husomeka B. Kadi iliyoandikwa "A" haikwambii kama mwenyewe ana A mbili, au ana A moja na O iliyojificha.

Sasa turudi kwa wale wazazi. Ikiwa baba ana A na O, na mama ana B na O, kila mmoja atampa mtoto nakala moja tu, na hakuna anayechagua. Mtoto anaweza kuwa A, B, AB au O, kila kundi likiwa na nafasi moja kati ya nne. Bahati hiyo huanza upya kila mimba. Kuzaa watatu wa kundi A hakumfanyi wa nne awe na zamu ya O.

Kuna nyumba ambamo mtoto kwa kawaida hawezi kabisa kufanana na mzazi yeyote. Baba akiwa AB na mama O, watoto huwa A au B. Lakini wazazi wote wakiwa O, watoto huwa O kama wao.

Je, kundi la damu linamtambulisha baba?

Halimtambulishi. Mwanamume mwenye kundi linalolingana na la mtoto ni mmoja tu kati ya umati wa wanaume wenye kundi hilo. Kinachowezekana, tena mara chache, ni kumwondoa mtu. Katika kesi ya mchekeshaji wa sinema Charlie Chaplin huko California, mama alikuwa A, mtoto B, na Chaplin O. Ile B haikutoka kwa mama, na Chaplin hakuwa nayo. Hata hivyo, mwaka 1945 baraza la mahakama lilimtangaza kuwa baba, kwa sababu sheria ya huko wakati ule haikukifanya kipimo cha damu kuwa neno la mwisho.

Lakini hata kuondoa kunahitaji tahadhari. Sampuli huweza kubadilishana maabara. Wapo pia watu wachache sana wenye kundi la Bombay, lililoripotiwa India mwaka 1952: hupimwa wakaonekana O, kumbe wana A au B na wanaweza kumrithisha mtoto. Mwenye shaka ya kweli apime vinasaba. Kwa Tanzania, shughuli hiyo iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2009. Kuvunja ndoa kwa sababu ya kadi ya kliniki ni ujinga unaoumiza watoto.

Ile alama ya kujumlisha na kutoa

Baada ya herufi huandikwa chanya au hasi. Hiyo ni Rh, na jeni yake ni nyingine. Hasi hujificha kama O, hivyo wazazi wawili chanya wanaweza kumzaa mtoto hasi.

Hapa pana jambo zito kuliko ugomvi wa ubaba. Mama hasi akibeba mtoto chanya, damu ya mtoto ikimwingia, hasa wakati wa kujifungua au mimba inapotoka, mwili wake huweza kutengeneza kingamwili. Mtoto huyo wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayefuata, akiwa chanya, ndiye anayeshambuliwa akiwa tumboni: hupungukiwa damu, huzaliwa na manjano kali, au hufariki. Sindano ya anti-D huzuia hali hiyo. Hutolewa karibu na wiki ya 28 ya ujauzito, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Kingamwili zikishatengenezwa, sindano haiziondoi. Mjamzito apime kundi hudhurio la kwanza kliniki, na akikutwa hasi, mwenzi wake naye apimwe. Mama aliyewahi kuharibikiwa na mimba amweleze mkunga, hata kama ilikuwa changa na hakuna aliyeijua.