SOMO LA MWEZI: WAFU WAKO WAPI, NA JE, WANATUMWA KWETU?

Mafungu ya kusoma: Luka 16:19-31, Yohana 11:1-44, 1 Samweli 28



Kwenye kilio wazee wa kanisa wanaulizwa ulizo moja kila mara: roho ya marehemu wetu iko wapi sasa? Kabla mzee hajafungua kinywa, wengine wamekwisha kujibu. Jirani Mwislamu ana jibu lake, shangazi Mkatoliki ana lake. Kisha kijana mmoja anapaza sauti ya kwamba sanduku limekuwa zito, marehemu hataki kwenda makaburini mpaka amwonyeshe aliyemuua. Hapo kilio kinageuka vita, na anayekimbizwa ni mjane, au mama mzee mwenye macho mekundu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Mwanzo 2:7 Mungu anapuliza pumzi ndani ya mtu wa udongo, naye anakuwa hai. Neno la Kiebrania ni nefesh, ambalo ni pumzi na koo pia. Maneno yetu nafsi na roho yametoka kwa Kiarabu, ndugu wa Kiebrania. Kiswahili kilifika Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19. Basi tusishangae kwamba sisi na Waislamu tunatumia neno moja.

Waislamu wanaharakisha kuzika. Wanafundisha ya kwamba malaika wawili, Munkar na Nakir, wanamwuliza mtu kaburini juu ya Mola wake, dini yake na nabii wake, kisha anangoja barzakhi mpaka siku ya Kiama. Wakatoliki wanaombea wafu walio toharani, zaidi sana tarehe 2 Novemba. Waprotestanti wanakataa toharani. Kwao, aliyekufa katika imani yuko na Kristo, na wanashika Luka 23:43. Wasabato na Mashahidi wa Yehova wanashika Mhubiri 9:5: mfu hajui kitu, anangoja ufufuko.

Na wazee wetu? Wakongo walisema wafu wanavuka maji kwenda Mpemba, nchi ya weupe. Waluba wanampa mtoto jina la babu aliyekufa, ili jina lisipotee. Tusiwacheke. Walijua ya kwamba kifo hakivunji jamaa, na wengi wetu tunabeba majina hayo kwa furaha. Lakini kando ya heshima ile kulikuwa na woga: mfu asiyeridhika anarudi na ugonjwa. Kwa sababu ya woga huo watu walitengeneza minkisi, na nyingine walizitia udongo wa makaburi ili nguvu ya mfu ikae ndani. Mwaka 1921, Simon Kimbangu alipohubiri na kuponya huko Nkamba, watu waliziacha na kuzichoma.

Minkisi zilichomwa, lakini je, woga nao ulichomwa?

Someni Luka 16 polepole. Tajiri yumo katika mateso, naye anamwomba Abrahamu amtume Lazaro kwa ndugu zake watano, wasije mahali pale. Ombi lile ni jema, ni la huruma kabisa! Lakini Abrahamu anakataa: wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Sasa, kama mfu hakutumwa ili kuokoa watu watano, nani amemtuma mfu wa mtaa wetu ili anyoshe kidole juu ya mjane?

Tazameni tena Lazaro wa Bethania. Siku nne kaburini, kisha akatoka. Yohana hakuandika hata neno moja la kinywa chake. Kwetu angeulizwa hata kabla sanda haijafunguliwa: nani alikuroga?

Wengine watajibu ya kwamba Samweli alipanda kule Endori. Ni kweli imeandikwa. Lakini Sauli alikwenda usiku, amejigeuza mavazi, baada ya yeye mwenyewe kuwafukuza wenye pepo wa utambuzi katika nchi. Alichosikia hakikumsaidia, alikufa huko Gilboa, na 1 Mambo ya Nyakati 10:13 inahesabu jambo hilo kuwa kosa lake.

Juu ya sanduku zito: wabebaji ni watu wanne au sita, wana machozi, jua ni kali, na mara nyingine pombe imepita. Mmoja akisukuma kidogo, wengine wanafuata. Aliyekwisha kubeba sanduku anajua.

Inabaki sehemu iliyo ngumu kwetu wenyewe, kwa maana sisi ni kanisa la maono na ndoto. Hatuwezi kuwalaumu vijana wa sanduku kama mama mwenye maono katika hema letu anasimama na kusema, “Marehemu amenitokea, amemtaja fulani.” Maono ya namna hiyo yapimwe kwanza, kufuatana na 1 Yohana 4:1. Yapelekwe kwa wazee, kwa siri, baada ya maziko. Yasisemwe mbele ya maiti, wala jina la mtu lisitajwe katika maombi ya kilio. Na mjane asiondolewe katika nyumba yake kwa neno la ndoto.

Maulizo kwa vikundi vya nyumbani:
Kwa nini Abrahamu alikataa ombi la tajiri?
Kati ya desturi za kilio katika ukoo wako, ipi ni heshima na ipi ni woga?
Katika mtaa wako, nani alifukuzwa baada ya kilio, na sasa anakaa wapi?