Kuyaokoa Madungusi Baada ya Likizo: Somo la Kuchunguza Kabla ya Kutenda

Mwalimu anayetenga kona ya sayansi darasani hupenda kuweka humo madungusi, yaani mimea ya jamii ya mpungate, kwa kuwa hayadai maji kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo madungusi husahauliwa upesi. Shule ikifungwa, hakuna ayakumbukaye. Ikifunguliwa, watoto huyakuta yamenywea na kuinama. Mtoto mwenye huruma hukimbilia ndoo ya maji. Mara nyingi huruma hiyo ndiyo inayoyaua. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuigeuza hali hiyo iwe somo la vipindi viwili, pamoja na uangalizi wa majuma kadhaa.

Maarifa ya mwalimu

Asili ya madungusi ni Amerika. Shina lake nene ni ghala la maji, na ndilo linalotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Miiba yake ni majani yaliyogeuka. Matundu yake ya hewa hufunguka usiku, wakati wa ubaridi, ili maji yasipotee. Mwalimu asiyachanganye na mnyaa, ambao ni wa jamii nyingine. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaodhuru macho; kwa hiyo usiletwe katika somo hili.

Ukame ukiwa mrefu, vijizizi vyembamba vinavyofyonza maji hufa. Maji mengi yakimwagwa ghafla, hubaki yakiizunguka mizizi isiyoweza kuyanywa, na uozo huanza.

Mazingira yetu

Mwalimu hana budi kufikiri juu ya mahali alipo na majira aliyomo. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Likizo ya Juni huangukia katika ubaridi na ukavu, na usiku mwingine sakitu huweza kuanguka. Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Mbeya, huvuma upepo mkali unaokausha udongo wa kopo upesi. Likizo ya Desemba ni kinyume chake: mvua zimeanza, na dungusi lililoachwa nje huenda likawa limezama katika maji, huku lile lililofungiwa darasani likiwa kavu kabisa. Basi kusahauliwa si ugonjwa mmoja, wala dawa yake si moja.

Hatua ya kwanza: kuchunguza

Katika kipindi cha kwanza maji yasiletwe darasani. Kila kikundi kipewe kopo moja, kijiti cha kubonyezea shina na daftari. Mwalimu aulize: Shina ni gumu au laini? Rangi ya sehemu ya chini ni ipi? Ncha ni nene au nyembamba? Majibu yaandikwe ubaoni, nayo yataelekea kwenye hali tatu. Shina lililokunjamana lakini gumu lina kiu. Shina laini lenye rangi ya kahawia chini limeoza. Ncha nyembamba iliyopauka imekosa mwanga. Watazame pia kama kuna wadudu weupe waliojifunika kitu kama pamba. Hao hufutwa kwa kitambaa kilicholowa spiriti.

Hatua ya pili: kuhamisha

Vifaa ni makopo yaliyotobolewa chini kwa msumari, gazeti lililokunjwa la kushikia mmea, na kisu ambacho atakitumia mwalimu peke yake. Udongo mwekundu wa mfinyanzi, ulio mwingi katika nyanda zetu, hushika maji mno. Uchanganywe hivi: sehemu moja ya udongo mweusi wa bustani, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe nene, na nusu sehemu ya vipande vidogo vya matofali au mkaa.

Mmea utolewe ukiwa mkavu, udongo wa zamani upukutishwe, na mizizi myeusi iliyolainika ikatwe. Kopo jipya lizidi upana wa mizizi kwa sentimeta 2 au 3 tu, na mmea usizikwe kwa kina kuliko mwanzo. Ikiwa sehemu ya chini imeoza, shina likatwe juu yake mpaka nyama safi ionekane; kipande kikaushwe kivulini juma moja au mawili, kisha kisimikwe katika mchanga mkavu.

Watoto wakirudi Julai katika ubaridi wa Njombe, mimea yenye kiu tu isihamishwe. Ipewe mwanga na maji kidogo, ingojee joto la Septemba au Oktoba. Iliyooza haiwezi kungoja.

Mabaki yasitupwe ovyo. Huko Laikipia, Kenya, mpungate ulioletwa kutoka ng'ambo umeenea ukaharibu malisho na kuwajeruhi mifugo, maana kipande kimoja kikianguka huota mizizi. Mabaki yakaushwe na kuchomwa.

Hatua ya tatu: kungoja

Mmea uliohamishwa ukae juma moja bila maji, penye mwanga lakini si juani moja kwa moja, kwani ngozi iliyozoea kivuli huungua. Kisha unyweshwe vizuri, na usinyweshwe tena mpaka udongo ukauke. Hatua hii ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa mtoto huona kana kwamba hafanyi kitu. Mpe kazi: kila Ijumaa apime kimo, aandike rangi na kuchora umbo.

Tathmini

Baadhi ya mimea itakufa. Alama zisitolewe kwa kuhesabu iliyopona. Mtoto ambaye dungusi lake limekufa, lakini daftari lake linaonyesha uozo ulianzia wapi na lini, amejifunza sayansi. Yule ambaye lake limepona bila yeye kujua sababu, bado hajajifunza. Mwalimu akimwaibisha wa kwanza, watoto wote watajifunza kuandika uongo katika daftari zao.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Tayarisha andalio la somo kwa darasa lililorudi Januari, ambalo makopo yake yalinyeshewa likizo nzima.

2. Tunga maswali matano yatakayomfanya mtoto aubonyeze na kuutazama mmea kabla ya kujibu.

3. Eleza utakavyomjibu mtoto anayesema, "Mwalimu, lina kiu, tulipe maji sasa."