DARSA: MARADHI YA NJIA YA MKOJO NA JINSI YANAVYOENEA



Katika darsa zetu za Lodwar na Kakuma tumeulizwa suala moja mara nyingi, na kila mara kwa sauti ya chini: mke akiona moto wakati wa kukojoa, akawa aenda haja ndogo kila saa na kuumwa chini ya kitovu, je, hiyo si dalili ya zinaa? Wako waliovunja nyumba zao kwa dhana hii. Kwa hivyo tumeona yatupasa kulieleza jambo hili wazi, kwani haya isimzuie mtu kutafuta elimu. Wanawake wa Ansari walisifiwa kwa sababu hawakuona haya kuuliza.

CHANZO CHAKE

Fahamu, ewe msomaji, kwamba maradhi haya, ambayo hospitalini huitwa U.T.I., aghlabu husababishwa na kijidudu kiitwacho E. coli, alichokieleza tabibu wa Kijerumani Theodor Escherich mwaka 1885. Makao yake ni matumbo ya wanadamu, wema kwa waovu, na humo kwa kawaida hakidhuru njia ya mkojo. Madhara huja kinapotoka penye haja kubwa kikaingia penye haja ndogo. Kwa mwanamke njia ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu, nayo i karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Maradhi haya humpata bikira, mja mzito, ajuza na hata mtoto mchanga. Tendo la ndoa ya halali nalo huweza kukisukuma ndani, wala hapana dhambi hapo.

VIPI HUENEA

Mtu atauliza: ikiwa kijidudu chatoka tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, vipi basi maradhi haya yawe ya mji mzima? Jawabu ni kwamba kijidudu husafiri tumbo hadi tumbo, kwa mikono isiyooshwa, kwa chakula na kwa maji. Aliyekimeza huenda asiumwe. Hukaa nacho muda mrefu bila kujua, kisha siku moja kikapata njia.

Mfano wake ni huu. Kati ya Oktoba 1999 na Januari 2000, wataalamu walipima wanawake wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, waliougua maradhi haya. Miongoni mwa wale ambao vijidudu vyao havikusikia dawa ijulikanayo kwetu kama Septrin, karibu nusu walikuwa na vijidudu vya ukoo mmoja, na ukoo huo ukaonekana pia katika majimbo ya mbali. Wataalamu wakashuku kuwa huenda vilienezwa kwa chakula.

Sasa tujitazame wenyewe. Mto Tarach hapo Kakuma hukauka sehemu kubwa ya mwaka, watu wakachimba mchangani kutafuta maji. Nyumba nyingi za Turkana hazina choo, na haja huendewa vichakani na kando ya laga. Mvua inyeshapo, uchafu hushuka pale pale tuchotapo. Tena mwanamke ambaye maji yake yatoka mbali hunywa kidogo, na asiye na choo hujizuia mpaka giza liingie. Hapo kijidudu hupata nafasi ya kuzaana kwenye kibofu.

TANBIHI JUU YA DAWA

Uchunguzi uitwao HATUA ulifanywa Kenya, Tanzania na Uganda, pamoja na Karamoja ng'ambo ya mpaka wetu. Miongoni mwa wagonjwa wenye dalili, takriban theluthi tu ndio mkojo wao ulithibitisha maradhi. Na karibu nusu ya vijidudu vilivyopatikana vilikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. Basi anayenunua vidonge viwili vitatu dukani kwa kukisia, huenda akanywa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Na akiwa nayo, dawa huua vijidudu dhaifu na kuacha vilivyo sugu, navyo hupita kwa watoto wake na jirani zake.

YATUPASAYO

1. Kustanji kutoka mbele kwenda nyuma, wala si kinyume chake. Kisha kuosha mikono kwa sabuni, khasa kabla ya kupika na kula.

2. Kuchimba vyoo mbali na maji. Mtume (S.A.W.) alikataza kwenda haja kwenye maji, njiani na kivulini, nasi twalijua katazo hili, lakini laga zetu zatushuhudia.

3. Kunywa maji ya kutosha, kutozuia mkojo, na kukojoa baada ya tendo la ndoa, kama madaktari wanavyoshauri.

4. Kupimwa mkojo, na kutumia dawa kama daktari alivyoagiza. Mwenye homa, maumivu ya ubavuni au kutapika, na kila mja mzito, asingoje hata siku moja.

Ama nyinyi waume, twawaambia haya: ni kweli kwamba maradhi ya zinaa nayo huweza kuleta moto wakati wa kukojoa. Ndiyo sababu hakimu wa jambo hili ni kipimo, wala si dhana. Kumsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa. Anayemtuhumu mkewe naye hakuchimba choo wala hakumchotea maji, na aanze kwa kujihesabu mwenyewe.

Wallahu a'alam.