Matambara ya Ebed-Meleki

Andiko: Yeremia 38:1-13 na 39:15-18



Ijumaa mbili zilizopita, kwenye kesha la vijana, tulimaliza maombi saa nane usiku na chai ikachelewa. Ili watu wasisinzie, nikauliza swali: ukiacha Bwana Yesu mwenyewe, ni nani katika Biblia ungependa kukutana naye, mkae mezani mzungumze? Majibu yalikuja haraka. Daudi alipata kura nyingi, Esta akafuata. Kijana mmoja anayefanya kazi ya hesabu alimtaka Mathayo, amuulize ilikuwaje siku ile alipoondoka forodhani bila kukabidhi vitabu. Mama mmoja aliyekuja kutusimamia alimtaka mke wa Nuhu, amuulize nani alikuwa akisafisha safina. Tulicheka mpaka bawabu akachungulia mlangoni. Kisha wakanigeuzia, "Na wewe, pasta?"

Nikasema Ebed-Meleki. Kimya. Mmoja akauliza, "Huyo ni wa Agano gani?"

Niliahidi kuandika, basi leo nalipa deni.

Tufungue Yeremia 38. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli na mkate unaisha mjini. Yeremia anawaambia watu kwamba atakayetoka na kujitoa kwa Wakaldayo ataishi. Wakuu wanne wanaenda kwa mfalme Sedekia na kudai auawe, kwa kuwa anawavunja askari moyo. Mfalme anawajibu kwamba mtu wenu huyo, mimi siwawezi. Wanamchukua nabii, wanamteremsha kwa kamba ndani ya shimo la Malkiya. Shimo halina maji, lina tope, na Yeremia anazama kwenye tope hilo.

Wakuu wale wanne Biblia inawataja kwa majina, na baba zao pia. Lakini mtu aliyekuja kumtoa Yeremia anaitwa Ebed-Meleki, na maana yake ni "mtumishi wa mfalme" tu. Pengine si jina alilopewa na mamake. Ni kama vile hapa Nairobi tunavyomwita mtu "soja" au "mama mboga" miaka kumi bila kumuuliza jina. Alikuwa towashi, tena Mkushi, mtu wa kusini mwa Misri, nchi ambayo leo ni Sudan. Na kumbuka Yeremia huyu huyu, katika 13:23, alikuwa ametoa mfano wa ngozi ya Mkushi isiyobadilika akiwasema watu waliozoea dhambi. Sijui kama Ebed-Meleki aliwahi kuusikia mfano huo. Ningemuuliza.

Mfalme alikuwa ameketi kwenye lango la Benyamini. Mahali pa lango ni mahali pa kesi na shughuli, si chumba cha siri. Ebed-Meleki akatoka nyumbani mwa mfalme, akaenda pale pale, akasema kwamba watu hawa wametenda vibaya kwa yote waliyomtendea nabii, na kwamba atakufa njaa mle shimoni. Mtumishi, mgeni, towashi, akiwasema wakuu ambao mfalme mwenyewe alikuwa amekiri hawawezi. Hapo ndipo wahubiri wengi hukomea, na mahubiri huitwa "Ujasiri". Nimewahi kuyahubiri pia.

Lakini mimi namtafuta kwa ajili ya aya ya 11 na 12. Baada ya kupewa watu, hakukimbilia shimoni. Alipitia kwanza nyumba ya mfalme, chini ya hazina. Nilisomea biashara chuo kikuu, kwa hiyo neno hazina linaniamsha haraka! Mtu yuko chini ya hazina, na anachobeba ni matambara na nguo zilizochakaa. Akayateremsha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayaweke chini ya makwapa yake, kati ya mwili na kamba. Ndipo wakamvuta.

Fikiria mtu aliyekonda kwa njaa, uzito wake wote umeshikwa na tope. Ukimvuta kwa kamba tupu utamtoa, ndiyo, lakini atatoka amechunika. Na angalia jambo moja: wale wakuu walimteremsha kwa kamba, na Ebed-Meleki alimpandisha kwa kamba. Kifaa ni kile kile. Tofauti ni matambara.

Sisi wa Ngara tusione matambara kuwa kitu kidogo. Wengi wenu mnaamka alfajiri kwenda Gikomba kufungua beli. Mnajua kamera ni ipi, na mnajua fagia ni ipi, ile inayobaki chini wakati kila mtu ameshachagua. Ebed-Meleki alienda kwenye fagia. Na alijua ilipo! Hiyo inaniambia alikuwa mtu wa kuingia stoo, si mtu wa kukaa mezani na mfalme. Nafikiri pia, na hili ni wazo langu wala si andiko, kwamba mtu aliyefanywa towashi anajua kitu kuhusu mwili kuumizwa na mikono ya wenye nguvu. Labda ndiyo sababu alifikiria makwapa wakati wengine wote wangefikiria kamba.

Sasa niwaambie kwa nini nimekuwa nikimtafuta mtu huyu tangu mwaka jana.

Dada mmoja wa kanisa letu, muuzaji wa mitumba, alinijia ofisini baada ya ibada ya katikati ya juma. Alikuwa amekopa shilingi 30,000 kwa mtu binafsi ili anunue beli mbili. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, na riba isipolipwa inaongezwa juu ya deni. Beli moja ilitoka mbaya, mtoto akaugua, malipo yakakwama. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu mwenyewe: mwezi wa kwanza 36,000, wa pili 43,200, na kufikia mwezi wa sita karibu 89,600. Alikuwa ameambiwa mali yote ya kibanda itachukuliwa. Akalia. Akaniambia pia jina la mkopeshaji, nami namfahamu, kwa sababu tunaabudu naye.

Jumapili, ibada ya pili, nilisikia mzigo moyoni. Nikamwita dada yule mbele. Sikuwa nimemwuliza. Nikaeleza kanisa shida yake, deni, kibanda, mtoto, yote, huku kamera ya matangazo ya moja kwa moja ikiwa inawaka. Nikasema, "Kanisa, tusimame na dada yetu!" Mlisimama. Kwa dakika ishirini tulipata shilingi 93,000, pesa taslimu na M-Pesa. Watu walitoa mpaka nauli. Mkopeshaji naye alikuwa ukumbini. Alipiga makofi, akatoa 2,000.

Jumatatu deni likalipwa, na mimi nikajisikia mtumishi wa Mungu kweli kweli.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Nilidhani biashara imemshika. Baada ya miezi mitatu nilipita kibandani kwake. Alinipa kiti, akaniagizia chai, adabu yote. Kisha akaniambia, "Pasta, pesa zilinisaidia, Mungu awabariki. Lakini kijana wangu alionyeshwa ile video shuleni. Na kastoma hunipunja bei sasa, wanasema huyu alisaidiwa na kanisa. Si ungeniuliza tu?"

Nilirudi kwa miguu mpaka ofisini, na chai ile haikuteremka vizuri. Nilikuwa nimemtoa shimoni kwa kamba tupu.

Tena kuna jambo baya zaidi, nalo ndilo lililonirudisha kwenye Yeremia 38 usiku ule. Ebed-Meleki alisema hadharani ubaya wa waliomtia Yeremia shimoni, na aliyeumizwa akamfunika kwa matambara. Mimi niligeuza mambo. Shida ya aliyeumizwa niliitangaza mbele ya watu wote na kuirusha mtandaoni, na aliyemuumiza nikamfunika. Nilimfunika kwa sababu ni mtoaji mzuri. Niiseme hivyo hivyo ilivyo. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini aliye kwetu, na Nehemia 5 inaonyesha kiongozi aliyewaitia mkutano mkubwa wakubwa waliofanya hivyo. Nimesomea hesabu za riba na nimesomea Neno, na siku ile sikutumia hata moja.

Dada huyu alisoma maneno haya kabla hayajachapishwa. Alifuta sentensi mbili, na zimefutwa. Waliokuwepo siku ile mtamkumbuka. Nawaomba mkikutana naye mnunue kwa bei yake. Ile video tumeiondoa. Tangu Januari, mwenye shida hazungumziwi madhabahuni bila yeye mwenyewe kukubali, na msaada unapita kwa mhazini na mama mmoja wa kamati, bahasha imefungwa.

Katika 39:15-18 Mungu anamtumia Ebed-Meleki ujumbe wake mwenyewe. Mji utaanguka, lakini yeye hataanguka kwa upanga, kwa kuwa alimtumaini Bwana. Na hapo inatajwa kwamba kuna watu aliokuwa akiwaogopa. Kumbe aliogopa! Hili ndilo ningemuuliza tukikaa mezani: ulipokuwa unatembea kutoka nyumba ya mfalme mpaka langoni, magoti yalikuwaje?

Kwa sababu mwezi uliopita nilimwendea yule mkopeshaji, mimi na yeye peke yetu, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Nilimwonyesha karatasi ya hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia biashara ni biashara, na kwamba mimi kwa masomo yangu ningepaswa kuelewa. Alhamisi hii narudi kwake na wazee wawili.