Binti yangu na kundi la WhatsApp la darasa

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha pili. Kila jioni anaomba simu yangu aingie kwenye kundi la WhatsApp, wasaidiane kazi za nyumbani. Nimkataze? – Mama, Morogoro

JIBU: Usimkataze, mama. Ila kaa naye jioni moja usome wanachotumiana. Ukikuta mmoja kapiga picha ya daftari lake na wenzake wananakili tu, hapo msaada haupo. Akikosea yeye, wamekosea wote, na mwalimu anayesahihisha atayakuta madaftari kumi yenye kosa lile lile.

Chukua 2x² + 5x − 3 = 0. Akiandika “Nani ana jibu la namba nne?” ataletewa x = ½ au x = −3, basi. Mfundishe aulize hivi: “Nimetafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa −6, zikijumlishwa zinatoa 5. Nimepata 6 na −1. Sasa nazipeleka wapi?” Hapo mwenzake atalazimika kueleza kwa nini 5x inaandikwa 6x − x, na anayeeleza naye ananolewa. Tena mtoto aliyehangaika na hatua hiyo juzi tu, mara nyingi huieleza vizuri kuliko sisi walimu, kwa sababu bado anakumbuka alipokwama.

Akishaelewa, akurudishie simu, alifanye swali upya kwenye karatasi tupu. Kwenye chumba cha mtihani simu haiingii. Akikwama tena, arudi kundini na ile hatua iliyomshinda.