HESABU YA GARI KUUKUU



Baba yangu hubeba dagaa kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, kilomita 66 za milima, kwa pikapu kuukuu. Likizo iliyopita injini ilikufa. Baba akaniuliza, "Mwanangu, tuitengeneze au tununue nyingine?" Na ada yangu ilikuwa katika fedha hiyo hiyo.

Nikashika kalamu. Kuitengeneza ni shilingi 3,000,000, idumu miaka 3: yaani 1,000,000 kwa mwaka. Nyingine ni 15,000,000 kwa miaka 10: 1,500,000 kwa mwaka. Basi nikasema tuitengeneze. Baba akafurahi, maana mwaka jana alikwisha itilia 4,000,000. Nikamweleza kwa heshima kwamba fedha iliyokwisha tumika haihesabiwi. Hairudi kwa njia yo yote.

Kisha fundi akagonga chasisi kwa nyundo. Kutu ikapukutika, tundu likaonekana. Akasema haitapita mwaka mmoja. Kumbe matengenezo yangekuwa 3,000,000 kwa mwaka, na hatari mteremkoni!

Baba ameiuza kwa vipuri. Sasa hulipia mzigo katika lori huku akiweka akiba, na ada imelipwa. Basi, mwenye gari kuukuu aanze na chasisi, ndipo ashike kalamu.