Wikendi ya Tanga Sudi: Tazameni Mwezi Kabla ya Kukodi Chombo

Kama ninyi ni mume na mke, au wachumba, na mnatamani siku mbili za kusafiri kwa tanga bila muungurumo wa injini, fikirieni Sudi. Ni makazi ya kale ya Waswahili mkoani Lindi, kati ya Lindi mjini na Mikindani, mahali ambapo bahari imeingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Humo ndani maji yametulia, kwa kuwa ardhi inayakinga na mawimbi ya nje. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilijificha humo ikashusha silaha. Manowari za Waingereza ziliipiga mizinga mwezi Aprili, lakini baadaye ikapenya na kutoroka. Ghuba iliyomudu meli ya namna hiyo haishindwi na ngalawa ya watu wanne. Haya ninayowaeleza ni kwa mtu ambaye hajawahi kushika kamba ya tanga maishani.

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi nawasihi muanze na tarehe, kwa sababu tarehe mbaya huwezi kuirekebisha kwa fedha.

Kwanza majira. Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi la Juni na Julai ni kali, na kwa mgeni wa bahari halifai. Kipindi cha kati ya pepo hizo huitwa tanga mbili, wakati upepo ni mwepesi na hugeuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mimi nachagua Oktoba na mwanzoni mwa Novemba: kusi limeishiwa nguvu, na kwa kawaida mvua za kusini hazijaanza sawasawa. Aprili na Mei ziacheni. Tufani iliipiga Lindi Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipita jirani Aprili 2019 kikatua Msumbiji. Na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliacha mafuriko na barabara zilizokatika upande wa Kilwa. Ni matukio ya nadra, lakini hakuna sababu ya kuyakaribisha kwa safari ya starehe.

Sasa mwezi wa angani, na hapa naomba msome polepole. Maji ya bahari hupwa, yaani hushuka, kwa muda wa saa sita na ushei, kisha hujaa kwa muda kama huo. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji makubwa, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa pwani yetu hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala kushuka sana. Huhitaji chombo chochote cha kupimia. Tazama kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 au 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Kwa nini hili liwashughulishe? Kwa sababu siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Maana yake, mkiondoka kunapopambazuka, maji yanayotoka yanawasukuma kwenda nje, na umande, yaani upepo mwanana utokao bara asubuhi, unajaza tanga. Alasiri mambo hugeuka: maji yanaingia, upepo wa baharini unavuma kuelekea nchi kavu, nanyi mnarudishwa nyumbani bila kuhangaika. Wikendi ya maji mafu ina mikondo ya upole zaidi, ila mpango huo unavurugika: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni, wakati ule ule mnaotaka kurudi. Kwa hiyo tafuteni Jumamosi iliyo ndani ya siku za bamvua. Angalizo moja tu: upepo ukivuma kutoka baharini wakati maji ya bamvua yanatoka, mlangoni mwa ghuba hunyanyuka mawimbi mafupi yenye hasira. Nahodha akisema tusubiri, subirini.

Siku mbili kabla ya safari sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, redioni au kwenye mitandao yake. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa Lindi na Mtwara, ahirisheni hata kama mmeshalipa.

Mnafikaje, na mnamwona nani? Pandeni basi la Lindi au Mtwara. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo daini tiketi yenye bei halisi. Sudi iko nje ya barabara kuu ya Lindi na Mtwara. Mkishuka, kipande cha mwisho ni cha bodaboda au gari la kukodi. Fikeni Ijumaa alasiri, baada ya sala, maana mchana wa Ijumaa nahodha mwenyewe yuko msikitini. Jitambulisheni kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, elezeni shida yenu, na ulizeni pia mahali pa kulala, kwa sababu msitegemee hoteli kama za mjini. Kisha ombeni mpelekwe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani. Wao wanajua chombo kipi kizima na nahodha yupi hanywi. Salamu zitangulie: shikamoo kwa mzee mwenye chombo itawafungulia mazungumzo. Vaeni nguo za heshima mnapopita kijijini. Bibi akiwa na kanga mbili hatahangaika, nchi kavu wala chomboni.

Bei hupangwa kwa chombo kizima kwa siku, wala si kwa kichwa. Kipimo cha haki ni hiki: siku mnayomchukua nahodha na baharia wake, hawaendi kuvua. Ulizeni siku ya kawaida ya uvuvi huwaingizia kiasi gani, ongezeni fungu la mwenye chombo, kwani naye hupata sehemu yake, halafu chakula cha wote. Mkishusha chini ya hapo mtapata chombo kibovu au nahodha mwenye haraka ya kurudi. Kubalianeni mbele ya kiongozi wa BMU: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nani analipia chakula, na malipo yatakuwaje hali ya hewa ikikatisha safari. Toeni nusu mwanzo, nusu mkishuka pwani. Wekeni akiba ya fedha taslimu, kwa kuwa mtandao wa simu si wa kuaminika kila mahali.

Chombo gani? Kwa watu wawili napendekeza ngalawa, mtumbwi wenye matengo, yaani mbao mbili za pembeni zinazouzuia kupinduka. Hubeba ninyi wawili, nahodha na baharia mmoja. Mashua ni pana na ina nafasi ya kulala, lakini huhitaji maji mengi zaidi na mabaharia zaidi. Ombeni kuiona ngalawa ikiwa majini, msiikague ikiwa mchangani. Ikae nusu saa, kisha mtazame ndani chini: maji kidogo ni kawaida, maji yanayoongezeka mkitazama ni sababu ya kutafuta nyingine. Vuteni kamba zinazofunga matengo. Lazima kuwe na nanga na kamba yake, makafi, pondo, na upo wa kufulia maji. Jaketi okozi ziwe nne, moja kwa kila mtu, na mzivae kabla ya kupanda. Kama hazipo kijijini, zitafuteni mapema mjini. Kwa hili msikubali kushawishiwa.

Mkishapanda, kaeni chini na mbaki chini. Nahodha atawapanga upande wa joshini, kule upepo unakotoka, ili uzito wenu uisawazishe ngalawa. Kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga huitwa demani. Yeyote atakayepewa kuishika asiifunge wala kuizungusha mkononi, kwa sababu upepo ukija kwa kishindo, kuiachia ndiyo salama yenu. Wakati wa kugeuza, tanga na foromali, ule mti mrefu ulioshika tanga, huhamishwa upande wa pili wa mlingoti. Inamisheni vichwa, mshike ubao, mwacheni baharia afanye kazi yake. Ngalawa ikipinduka, ing'ang'anieni. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na anayeogelea peke yake ndiye anayepotea.

Jumamosi bakini ndani ya ghuba. Fuateni mikoko na mjifunze kushika usukani maji yakiwa shwari, mkikumbuka kutoka kwenye vijito kabla ya maji kupwa, la sivyo mtakaa topeni mpaka alasiri. Mikoko msikate hata kuni ya chai. Ni misitu inayolindwa kisheria. Jumapili, kama mmezoea na nahodha ameridhika, tokeni hadi kwenye miamba ya nje. Maji yakipwa mtatembea kwenye mwamba mkiwa na viatu vigumu, kwa maana kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi na samaki wenye sumu wanaofanana na jiwe. Aliyechomwa na samaki huyo au na samaki aitwaye taa, mguu wake utumbukizwe katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali. Mjini Lindi kuna hospitali ya mkoa, Sokoine.

Chukueni maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa siku, mihogo, ndizi, korosho na samaki wa kukaanga, na muwapakulie mabaharia kama mnavyojipakulia. Mwenye kichefuchefu anunue dawa ya safari duka la dawa kabla ya kuja, aimeze kabla ya kupanda, na akiwa chomboni atazame upeo wa bahari badala ya simu. Simu zenyewe zifungeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mwachieni mwenyekiti majina yenu na saa ya kurudi, naye ajue wa kumpigia mkichelewa. Namba za bure za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Na mkitaka magofu? Basi safari ni ya Kilwa Masoko, kupitia Nangurukuru. Kibali cha kuingia Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, maeneo yaliyo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, hutolewa pale Masoko kabla hamjavuka. Ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho na mdai risiti. Kisiwani ni mvuko mfupi unaotosha asubuhi moja. Songo Mnara iko mbali zaidi kusini, itengeeni siku nzima, na ulizeni maji yatajaa saa ngapi, kwa sababu yakiwa yamepwa mtashuka mbali na kutembea majini hadi ufukweni.